Unene wa Kadi

Iweke chini, Chengo. Usiivute tena.
Bega lako limeshafura kama andazi la futari,
kamba imekuchora mstari kiganjani,
nawe bado wakaza meno, mguu juu ya mpini,
kama mtu ang'oaye jino la ndovu.
Msumeno mgumu hauvutwi kwa hasira. Unaulizwa.

Kaa hapo penye tairi, unywe maji.
Hapa Msabaha hatuna haraka mpaka stima irudi.

Wasema ulianza Jumatatu,
siku ya pili baada ya ule mkwaju wa kando ya kaya.
Wasema Kakoneni nzima yajua ni kwa nini.
Mimi ya kaya siyajui, na nisiyoyajua siyachezei.
Nina bisibisi. Tuanze na yanayofunguka.

Breki ya mnyororo? Imeachia.
Kifuniko cha kamba, skrubu nne, hiki nje.
Kamba ikiwa peke yake yaja kama uzi wa tiara
na springi yairudisha, trrr, bila kinyongo.
Basi kamba haina kosa. Iombe radhi,
umeitukana tangu barabara kuu.

Plagi. Naitazama mdomo:
kavu, rangi ya biskuti. Hukuizamisha kwa petroli
kama yule wa Gongoni aliyelilowesha shati langu.
Bila plagi, pumzi haina pa kujibana;
pistoni ingepanda na kushuka
kama mwenye nyumba kwenye ngazi zake.
Nazungusha gurudumu kwa mkono.
Laenda, laenda, lagoma.
Laenda tena. Lagoma palepale.

Wasikia? Palepale.
Maradhi yanayorudi mahali pamoja
hayakuletwa na upepo.

Nimulikie na simu. Si usoni mwangu, kule ndani.
Hii ni koili. Hii sumaku, imepandwa kwenye gurudumu.
Zinatakiwa ziwe jirani, si mke na mume.
Hizi zimekumbatiana, Chengo! Ona chuma kilivyong'aa
pale zinapolambana kila mzunguko.
Siku zote hizi ulikuwa wavuta kamba
kuvunja ndoa ya watu.

Nani aliifungua?

Usiniambie hakuna. Skrubu hii ina vumbi, hii haina.
Wala si fundi wa njiani: hakuna kichwa kilichochubuka,
nyaya zimelazwa kila moja kitandani mwake,
hata kale kampira ambako mimi mwenyewe hukasahau.
Na hapa kwenye grisi kuna alama ya kidole,
chembamba kuliko changu.

Umenyamaza.
Ngumbao ana miaka mingapi sasa?

Kumi na miwili. Haya.
Niokotee ile kadi ya simu uliyokwangua,
ipo chini ya kiatu chako.
Naipenyeza kati ya koili na sumaku, hivi,
nakaza, naichomoa.
Sasa zina nafasi: unene wa kadi ya shilingi ishirini,
yatosha cheche kuruka,
haitoshi kuanza ugomvi.

Narudisha plagi, narudisha kifuniko.
Vuta. Taratibu kwanza, mpaka uisikie ikikushika mkono.
Sasa.
Mara moja tena—

Kuku wote wamehamia kwa jirani!

Zima, zima, tusikizane.
Mia tatu. Na ya mkwaju, kawaulize wenye kaya;
kama kuna fidia ni yako na wao,
mimi sina risiti yake.
Lakini mtoto usimguse.
Alikosea kitu kimoja, usiku, kwa mwanga wa kibatari.
Mimi mwaka wangu wa kwanza kwa marehemu Sururu
nilikosea vyote, na skrubu moja nikaimeza.

Mwambie Fundi Nyevu amesema: nafasi.
Neno hilo tu. Nadhani amelala nalo siku nne hizi
akikusikia ukivuta uani,
akihesabu.

Chukua na kadi. Mpe.